Kabla Hujanunua Mashine, Kaa na Atakayeishika



Huu ni ule wakati wa mwaka ambao alizeti imeshauzwa na hela kidogo iko mfukoni. Ni wakati ambao simu zenu zimejaa video za mashine: ya kupandia, ya kupalilia, ya kupukuchua, mpaka droni za kupiga dawa. Swali ninaloulizwa kuliko yote wiki hizi ni moja tu: "Afisa, ninunue ipi?"

Ukimdodosa kijana kidogo, sababu inatoka yenyewe. "Nimechoka na watu, afisa. Kibarua leo anakuja, kesho ana msiba, kesho kutwa anataka nyongeza. Mashine haiendi kilioni."

Namwelewa. Kazi ya kushughulika na watu inachosha kuliko jembe. Lakini leo nataka kubishana naye, maana hesabu yake ina tobo, na tobo hilo limewamezea mtaji vijana wengi wazuri.

Mashine haikuondolei watu. Inapunguza idadi yao, halafu inampandisha thamani yule anayebaki. Ukiwa na vibarua kumi wenye majembe na mmoja akazembea, umepoteza sehemu moja ya kumi ya kazi ya siku. Ukiwa na mtu mmoja mwenye mashine na huyo mmoja akazembea, umepoteza siku nzima, na mashine inaweza kuharibika juu yake. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza teknolojia shambani, ndivyo unavyohitaji zaidi kujua kukaa na watu. Huo ndio msimamo wangu, na ngoja niutetee.

Kongwa: matrekta yalikuwepo

Ukitoka Singida, ukapita Dodoma kuelekea Morogoro, unafika Mbande, njia panda ya kwenda Kongwa. Kila kijana anayetaka kununua trekta angepita hapo kwanza akatafakari.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilileta wataalamu waangalie kama Tanganyika inaweza kulima karanga za kutengenezea mafuta. Walizunguka kwa takribani wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa kwenye ndege. Ukatoka mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 Afrika Mashariki na ya Kati, kubwa kabisa likiwa Tanganyika, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Hela ilikuwepo. Matrekta yalikuwepo, hata vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Wataalamu walikuwepo.

Sasa angalia kilichotokea. Udongo wa Kongwa ukikauka unashika kama tofali, karanga zinabaki zimefungwa humo ndani. Mvua yake haitabiriki. Madereva wengi walipewa matrekta bila mafunzo ya kutosha, na kabla mwaka 1947 haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Alizeti nayo ilijaribiwa, ukame ukaipiga. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36 za wakati ule.

Wagogo walikuwa wameishi na mvua ile na udongo ule vizazi na vizazi. Walijua mwaka upi unadanganya na udongo upi hautoi kitu. Lakini hawakuwa mezani mpango ulipochorwa. Waliletwa baadaye, kama nguvu kazi.

Mtu akisoma habari hii anasema wakoloni walikuwa na kiburi. Sawa. Lakini kijana wa Ikungi au Mkalama anayenunua mashine ya kupandia kwa kutazama video, bila kumuuliza mzee anayelijua lile shamba ni wapi maji yanatuama na wapi jiwe liko chini ya udongo, anafanya Kongwa ndogo. Tofauti ni ukubwa wa hasara tu. Na hasara ya serikali ililipwa na serikali. Ya kwako utailipa wewe na mama yako.

Pampu iliyomfikiria mwanamke

Nisiwape mabaya tu. Kenya kuna mfano wa upande wa pili, na wakulima wa bustani wengi wanaujua kwa jina la MoneyMaker, ile pampu ya kukanyaga kwa miguu.

Shirika lililoitengeneza lilianza Nairobi mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC, leo linaitwa KickStart. Pampu ya kukanyaga haikuwa kitu kipya, Asia ilikuwepo. Kazi yao kubwa ilikuwa kumwangalia mtu atakayesimama juu yake. Mkulima mdogo mara nyingi anafanya kazi peku, kwa hiyo pale pa kukanyagia pasimkate. Hana sanduku la spana, kwa hiyo pampu ifunguke na kurekebishwa kirahisi. Abebe mwenyewe mpaka mtoni na jioni arudi nayo nyumbani, isiibiwe.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna hesabu ya uhandisi ingelionyesha. Wengi wa watumiaji ni wanawake. Mwanamke akisimama juu sana, akipanda na kushuka kiuno kikiyumba mbele za watu, anaona aibu, na hatarudi kesho hata kama pampu inatoa maji kama mto. Basi wakaishusha ile sehemu ya kukanyagia na kufupisha mwendo wake.

Kijana anaweza kucheka hapo. Lakini jiulize: mashine inayotoa maji mengi lakini mtu anaona haya kuitumia, inamwagilia nini? Heshima ya mtumiaji ni sehemu ya mashine, sawasawa na bomba na valvu.

Na M-Pesa mnayolipiana vibarua ina somo hilohilo. Majaribio ya kwanza yalifanyika Kenya mwaka 2005, na lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaigeuza: wakawa wanatumiana hela wao kwa wao. Waliokuwa wanaisimamia wangeweza kusema "mnaitumia vibaya". Badala yake walitazama watu wanataka nini, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikauzwa kama njia ya kutuma hela nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Leo hata bibi asiye na mkopo popote anaijua.

Turudi kwetu sasa. Nitasema mambo matatu ninayoyaona kwa macho kwenye mashamba ya vijana.

Kwanza: mashine inapokula ujira wa mtu

Wengi wenu mnalipa palizi kwa ekari. Tuseme ekari moja ya alizeti kwa jembe ni shilingi 40,000 na mtu mmoja anaimaliza kwa siku nne. Ekari kumi zinakutoka shilingi 400,000.

Unanunua mashine ya kupalilia. Inamaliza ekari mbili kwa siku. Unamwita kibarua wako wa siku zote, yule mwaminifu, unamwambia: "Sasa nitakulipa kwa siku, shilingi 10,000." Kwako ni haki, maana hata zamani ukigawanya ilikuwa ni hiyohiyo 10,000 kwa siku. Lakini yeye anapiga hesabu ya msimu. Ekari kumi sasa ni siku tano, anaondoka na 50,000. Umemwomba akusaidie kuondoa shilingi 350,000 kwenye familia za watu wa kijijini, na pengine sehemu kubwa ni ya kwake.

Halafu unashangaa mashine inazimika kila saa nne asubuhi. Unashangaa mafuta yanaisha haraka. Unaniita unasema "hawa watu hawapendi maendeleo". Hapana bwana. Wanapenda sana maendeleo, ila hayo ya kwako hayakuwa na nafasi yao.

Sasa jaribu hivi. Mlipe kwa ekari, shilingi 10,000. Kwa siku tano anapata 100,000, yaani siku yake imepanda thamani mara mbili. Wewe badala ya kutoa 400,000 umetoa 100,000, na 300,000 inayobaki inabeba petroli, vipuri na faida yako. Ongeza ahadi ya zawadi ndogo mwisho wa msimu mashine ikiwa nzima. Hapo umempa sababu ya kuipenda mashine kama wewe unavyoipenda. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini hesabu ifanyeni pamoja, mbele yake, kwenye daftari.

Na wale wengine ambao kazi yao imeisha? Tusidanganyane, wapo. Waambie mapema, kabla ya msimu, wapate muda wa kutafuta shamba lingine. Wape kipaumbele kwenye kuvuna na kupepeta. Kijiji ni kidogo. Mtu uliyemwacha vizuri atakuja ng'ombe wakiingia shambani kwako usiku. Uliyemfukuza kwa dharau atawasikia ng'ombe hao na kugeukia upande wa pili wa kitanda.

Jambo jingine hapohapo. Mashine ya kupalilia inataka mistari iliyonyooka, ile sentimita 75 tunayoihubiri kila siku kwenye alizeti. Ukipalilia kwa mashine lakini mpandaji hajui kwa nini unamsumbua na kamba, atapanda kwa macho. Mwezi mmoja baadaye mashine inafyeka alizeti yako mwenyewe. Mpandaji na mpaliliaji waketi pamoja siku ya kupanda. Dakika kumi tu.

Pili: taarifa isiyomfikia mwenye mboga

Hili ni la afya, naomba mlichukue kwa uzito.

Vijana wengi sasa mnafanya vizuri: mkitaka kupiga dawa mnatangaza kwenye kundi la WhatsApp. "Kesho tunapiga dawa shamba la bondeni, msipite." Imetumwa, alama mbili za bluu, umemaliza kazi.

Lakini nani anaingia shambani kwako wakati wa mvua? Ni kina mama na mabinti wanaochuma mlenda na mboga nyingine zinazojiotea. Hapa Singida mlenda ndio mboga ya nyumba nyingi, wala hakuna anayeona ni wizi kuuchuma shambani kwa jirani. Wengi wa hao mama wana kitochi au hawana simu kabisa. Tangazo lako limewafikia watu wasiochuma mboga, na mwenye kuchuma hana habari. Jioni ile mboga iko chunguni, watoto wamekaa.

Hakuna programu ya simu itakayotatua hilo. Linatatuliwa na miguu. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, atangaze. Pita kisimani asubuhi, maana kisimani habari inasambaa kuliko redio. Funga vitambaa vyekundu kwenye vijiti pembe zote za shamba, na waeleze watu maana yake kabla ya siku yenyewe. Viache mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa uishe. Halafu tenga kipande cha pembeni usichokipiga dawa, uwaambie kina mama: "Mama zangu, mboga chumeni kule." Haikugharimu kitu, na umeokoa matumbo ya watu.

Simu yenye ramani nayo ni hivyohivyo. Inakuonyesha mpaka wa shamba lako mpaka hatua ya mwisho. Haikuonyeshi njia ya ng'ombe kwenda lambo. Hiyo anayo mfugaji jirani yako, na bila kumpa shikamoo na kukaa naye kivulini, hutaijua mpaka siku utakapokuta uzio umelala chini.

Tatu: mizani haiongei

Lumbesa tumeipigia kelele miaka mingi. Sheria ya Vipimo inasema mazao yasifungashwe zaidi ya kilo 100, lakini kitunguu bado kinavimba kwenye gunia mpaka linavaa kofia. Kwa hiyo vijana wa kikundi fulani wakachangishana, wakanunua mizani ya kidijitali. Safi kabisa.

Mnunuzi akaja, akaitazama mizani, akasema: "Mimi nanunua kwa gunia, kama hamtaki napita mbele." Na mbele kulikuwa na mkulima mwenye lumbesa tayari. Mizani ikarudi stoo.

Mizani ile haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mazungumzo mawili ambayo yalitakiwa kutangulia. La kwanza ni na majirani: kabla ya kuvuna, wakulima wa bonde lile wakubaliane kwa kauli moja kwamba hakuna anayejaza kofia. Hilo si jambo la kutuma ujumbe. Ni la kukaa, kusikilizana, kumsikiliza hasa yule mwenye ada ya shule inayomkaba, kwa sababu ndiye atakayevunja mstari kwanza. Ukimjua mapema mnaweza kumsaidia avuke wiki mbili.

La pili ni na mnunuzi. Yeye naye ni mtu na ana hofu zake. Anaogopa kitunguu kibichi kitakachomwozea njiani kabla hajafika Dar es Salaam. Lumbesa kwake mara nyingi ni bima ya hasara hiyo. Kijana aliyekausha vitunguu vyake mpaka shingo zikafunga, akavichambua kwa ukubwa, akafungua gunia lolote analochagua mnunuzi na kumwonyesha mpaka chini, huyo anaweza kusema "tupime" na akasikilizwa. Kwa sababu ameondoa hofu kwanza, ndipo akaweka mizani.

Nawafahamu vijana wanaouza pale soko la Misuna ambao hawana mizani ya bei wala simu kubwa, lakini wanunuzi wanawapigia kabla hawajafika Singida. Siri yao ni kwamba kitunguu kikiwa kibaya wanasema ni kibaya.

Maswali manne kabla hujatoa hela

Mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni kuwashauri mtumie teknolojia, na sitaacha. Kilimo chetu kina msimu mmoja wa mvua, na mvua yenyewe mara nyingi ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Hatuna siku za kupoteza, mashine inayowahisha kupanda ni baraka. Ninachoomba ni kwamba kabla hujalipia, utafute majibu ya maswali haya. Na majibu usiyatoe kichwani kwako, yatoe kwa watu wenyewe.

1. Nani hasa ataishika mashine hii kila siku? Ameshaigusa? Mpeleke kwa muuzaji aiwashe mwenyewe, aibebe, aigeuze. Kama ni dada, asimame yeye, usimsemee.

2. Ikianza kazi, nani atapata zaidi na nani atapungukiwa? Yule anayepungukiwa umemwambia nini?

3. Ikiharibika saa nne asubuhi wakati wewe uko mjini, nani ana ruhusa ya kuamua? Kibarua anayeogopa kugombezwa ataficha kosa, na kosa lililofichwa ndilo linaloua injini. Mtu aweze kukwambia "kaka, nimeivunja" bila kutetemeka.

4. Nani mwingine inamgusa ambaye hayupo kwenye hesabu zako? Mchuma mlenda, mfugaji, mwenye shamba la chini yako unakomwagilia maji.

Mtaona hakuna hata swali moja linalohitaji digrii. Yanahitaji uvumilivu, sikio, na kukubali kwamba mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kuijua kazi yake kuliko video uliyoangalia. Wazee walisema mtu ni watu. Kwenye kilimo biashara msemo huo una hesabu ndani yake: nyuma ya kila gunia unalouza kuna mpandaji, mpaliliaji, mvunaji, mbebaji na mnunuzi, na kila mmoja ana uwezo wa kukupunguzia au kukuongezea.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda mjini wiki ijayo na hela ya mashine, ahirisha siku moja. Nunua soda mbili, kaa chini ya mti na yule atakayeishika, mwulize: "Wewe ungekuwa mimi, ungenunua nini?" Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Inawezekana akakutajia mashine ileile. Inawezekana akakwambia tatizo si palizi kabisa, ni maji ya kunywa shambani, watu wanatembea mbali kuyafuata na siku inakatika. Dumu mbili za maji ni bei rahisi kuliko injini.

Kazi njema, na tukutane shambani.